Mazoezi ya macho kwa wanamichezo: maswali yenye watu huuliza kila siku

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wachezaji, makocha wa mtaa na wazazi wenye watoto kwa akademi. Kama una haraka soma namba 3 alafu uruke hadi mchezo wako.

## Ya kuanzia

1. Mazoezi ya macho ni nini hasa? Ni ile ya kuzungusha mboni asubuhi?

Hapana, hio ya kuzungusha mboni ukiwa kitandani haikupeleki popote. Kuna vitu viwili watu huchanganya. Kuna jicho lenyewe: linaona safi kiasi gani, linashika mpira unaoenda kasi ama linaupoteza, macho mawili yanashirikiana ama kila moja lina njia yake. Alafu kuna venye unayatumia ukiwa kwa game: unaangalia wapi, saa gani, kwa muda gani, na unasoma nini kwa mwili wa mpinzani kabla hajafanya kitu.

Hio ya kwanza inapimwa kwa kliniki. Ya pili inaonekana kiwanjani tu, na mimi naona ndio inashindisha mechi, ingawa ya kwanza ndio inauzwa sana juu ni rahisi kuitengenezea mashine.

2. Inasaidia kweli ama ni biashara ya watu?

Ni zote mbili. Mwaka wa 2001 Bruce Abernethy na Joanne Wood wa Australia walipima programu za macho za jumla, zile za kila mtu na kila mchezo, na waliofanya hizo programu hawakuwashinda ambao hawakufanya. Hio ilimwagia watu maji baridi.

Upande ule mwingine kuna timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, ilifanya mazoezi ya macho kabla ya msimu wa 2011, na wastani wao wa kupiga mpira ukapanda kutoka .251 hadi .285 (yaani kwa kila majaribio 1,000, mapigo 251 yakawa 285). Ni mruko mkubwa kwa besiboli. Lakini hakukuwa na kikundi kingine cha kulinganisha nacho, na timu ya chuo hubadilika kila mwaka, wengine wanamaliza masomo wengine wanaingia, kwa hivyo huwezi apa ni macho pekee yalifanya hio kazi.

Mimi nimesimama hapa: zoezi likifanana na mchezo wako linasaidia, likiwa ni kubonyeza taa ukutani utakuwa bingwa wa kubonyeza taa. Mtu akikuahidi asilimia fulani ya kasi kwa wiki mbili, shika pesa yako vizuri.

3. Sawa, nianzie wapi?

Pimwa macho. Kabla ya uzi (namba 10), kabla ya app, kabla ya kununua kitu chochote.

Wachezaji wengi sana hawajawahi kupimwa tangu wazaliwe, na mtu akiona vibaya tangu utotoni hajui anaona vibaya, anadhani kila mtu anaona hivyo. Kuna kipa wa mtaa, kijana wa fomu tatu, mipira ya karibu alikuwa anadaka kama paka lakini shuti ya mbali anachelewa kila siku, na kocha anamwita mvivu mbele ya wenzake. Alipofunikwa jicho la kulia akaambiwa asome bango la kwa geti, akauliza bango gani. Miwani ilimaliza hio maneno yote.

Ile chati ya herufi kubwa juu ndogo chini (imekuwepo tangu 1862, ya daktari Snellen wa Uholanzi) inakupa namba kama 6/6 ama 6/12. 6/12 inamaanisha kitu chenye wengine wanasoma wakiwa mita 12, wewe lazima usogee hadi mita 6. Lakini hio chati imesimama na wewe umekaa, na kwa mchezo hakuna mtu amesimama. Kwa hivyo mwambie anayekupima ni mchezo gani unacheza, na uombe kila jicho lipimwe peke yake, alafu venye macho mawili yanafanya kazi pamoja, kuona pembeni, na rangi. Huku Nairobi unaweza kwenda hospitali ya Kenyatta, ama ile ya macho ya Lions kule Loresho, ama ukipanda matatu ya Kikuyu kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA. Maduka mengi ya miwani tao pia yana mtu wa kupima, ila kumbuka duka linauza miwani.

4. Nikifanya mazoezi sana naweza acha miwani?

Hapana. Kama huoni mbali, mara nyingi ni juu jicho lenyewe limekuwa refu kidogo na picha inaangukia mbele ya pale inafaa kuangukia, na hakuna zoezi la kufupisha jicho. Video za kukuambia utupe miwani baada ya mwezi, ruka.

## Unaangalia wapi

5. Kocha anapiga kelele "macho kwa mpira!" Ni kweli inafaa nisitoe macho kwa mpira kabisa?

Nusu ni kweli. Nyoosha mkono mbele yako uangalie ukucha wa kidole gumba. Sehemu yenye jicho linaona safi kabisa ni karibu saizi ya huo ukucha, huko kwingine kote unaona tu umbo na mwendo. Ndio maana jicho linaruka ruka siku nzima, na kila likiruka unakuwa ni kama huoni kwa kitambo kidogo sana. Kwa hivyo swali sio kama macho yatatoka kwa mpira, yatatoka tu, swali ni yanaenda wapi.

Watu wa kriketi wana mfano mzuri. Michael Land na Peter McLeod waliwavalisha wapigaji kamera za macho, utafiti ukatoka 2000. Hata mpigaji mzuri hafuati mpira njia yote. Anauangalia ukirushwa, alafu macho yanaruka mbele hadi pale anajua mpira utadunda, yanaungoja hapo, ukidunda anaushika tena kwa muda mfupi. Mzuri na wa kawaida wote wanafanya hivyo, tofauti ni kwamba mzuri anaruka mapema. Wale wanacheza kriketi pale Nairobi Gymkhana wakikuambia "nimeisoma kutoka mkononi" hawajisifu bure.

6. Mimi ni kipa. Kwa penalti niangalie nini?

Anza na hesabu. Penalti iko mita 11, mpira ukipigwa kilomita 100 kwa saa unafika kwa kama sekunde 0.4. Mtu wa kawaida kuona kitu na kuanza tu kusonga kunamla kama sekunde 0.2, na hapo hujaruka bado, hujanyoosha mkono, na goli lina upana wa mita 7.32. Ukingoja uone mpira unaenda wapi umechelewa, na ukiruka mapema mpigaji mwenye akili anakuangalia alafu anakuwekea upande ule mwingine polepole.

Kwa hivyo dili iko kwa zile hatua za mwisho za mpigaji. Watafiti wa Uholanzi walilinganisha makipa wazoefu na wasio wazoefu mwaka wa 2002: wasio wazoefu macho yalikuwa yanazurura kifuani, mikononi, kiunoni, lakini wazoefu walishuka miguuni, mguu wa kupiga, ule wa kusimamia, na mpira, na waliamua kuchelewa kidogo. Mguu wa kusimamia ndio wa kuchunga sana, angalia vidole vyake vimeelekea wapi ukikanyaga kando ya mpira. Sio kila wakati unasema ukweli, ila unasema ukweli mara nyingi kuliko uso. Uso wa mpigaji ni mwongo.

Zoezi lake halina gharama. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu ukiwa golini, simu iwe nyuma yako usawa wa kichwa, wapigaji kadhaa tofauti wapige. Usiku ukiwa umekaa nyumbani unacheza hizo video, unasimamisha pale mguu wa kusimamia unagusa chini, unasema kushoto ama kulia kwa sauti, alafu unaachilia video uone. Ukizoea, simamisha mapema zaidi. Kosea huko kwa kochi, ni bei rahisi. Muhimu ni urudi golini wiki hio hio ujaribu na mwili, juu ya kochi peke yake haijawahi daka mpira.

7. Na kwa basketi, mitupo huru?

Hapa ndio utafiti uko imara kabisa. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, alionyesha mwaka wa 1996 kwamba watupaji wazuri, kabla ya kuanza kurusha, wanatuliza macho pahali pamoja kwa ringi karibu sekunde nzima. Wabaya macho yanarukaruka, ringi, ubao, wavu, ringi tena, hadi mpira unatoka mkononi na jicho halijakaa.

Ukienda mstarini, dunda mpira macho yakiwa chini, inua kichwa, chagua kipande kimoja cha ringi, cha mbele ama cha nyuma, usibadilishe badilishe kila siku, kaa hapo kitambo, rusha. Ukisharusha haijalishi unaangalia nini. Fanya ukiwa umechoka pia, mwisho wa mazoezi, miguu ikitetemeka, juu ndio venye itakuwa kwa mechi. Kitu hichi kimeonekana kwa gofu, kwa kulenga shabaha na kwa penalti pia, upande wa mpigaji. Mpigaji akimwangalia kipa sana mpira nao unaelekea kwa kipa.

8. Mimi ni kiungo, napokonywa mpira kila saa. Ni macho?

Yaweza kuwa. Geir Jordet wa Norway alichunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza, akihesabu ni mara ngapi mtu anageuza kichwa kuangalia nyuma na pembeni kabla mpira haujamfikia, na wale wanaoangalia sana ndio pasi zao zinafika zaidi. Ni kitu unaweza hesabu mwenyewe kwa video ya mechi yenu, chukua dakika kumi tu.

Watu huangalia saa mbaya. Wakati wa kutupa jicho begani ni mpira ukiwa njiani kati ya wenzako wawili, hapo hakuna kitu kipya kwa mpira. Mpira ukiguswa tu na mwenzako, rudisha macho, uone pasi inatoka na nguvu gani. Zoezi: simama katikati, mtu nyuma yako anainua vidole, mwingine anakupasia, na lazima useme ni vidole vingapi kabla ya kugusa mpira. Wachezaji wa hoki pale City Park wanaumia na hii kuliko wa soka, kwao mpira uko chini kabisa na shingo imekunjwa muda wote.

9. Wakimbiaji je? Hatuna mpira.

Kuna kitu kimoja. Emily Balcetis wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake waliona kwamba mtu akikaza macho kwa shabaha moja mbele, umbali unaonekana mfupi na anasonga haraka kuliko anayeangalia huku na kule. Hao walikuwa watu wa kawaida wakitembea na uzito miguuni, sio watu wa marathoni, kwa hivyo usitegemee ikupe medali. Ila kwa ile kilima ya mwisho kule Ngong, chagua nguzo ya stima, ifikie, chagua ingine. Kwa njia za msitu wa Karura zenye mizizi usifanye hivyo, huko angalia hatua kadhaa mbele ama utakula udongo.

## Vifaa na ratiba

10. Mazoezi gani naweza fanya nyumbani bila pesa?

Mawili yanatosha. La kwanza linaitwa uzi wa Brock, limetokana na Frederick Brock, mtaalamu wa macho Marekani. Tafuta uzi wa kama mita tatu na shanga tatu za rangi tofauti, na hapa kwetu shanga sio shida. Funga uzi kwa kitasa cha mlango, mwisho ule mwingine ushike kwa ncha ya pua, shanga moja karibu na wewe, moja katikati, moja kule mlangoni. Angalia shanga ya katikati. Ukiona nyuzi mbili zimepishana kama herufi X hapo hapo kwa shanga, na zile shanga zingine zimekuwa mbili mbili, uko sawa kabisa, ndio inafaa kuwa hivyo. X ikija mbele ya shanga macho yanakutana karibu sana, ikienda nyuma yanakutana mbali. Sasa rusha macho kutoka shanga hadi shanga, kila moja ngoja hadi X itulie. Ukiona uzi mmoja tu, ubongo umezima jicho moja, wachana na mazoezi urudi namba 3.

La pili ni mpira wa tenisi uliozeeka. Andika herufi kubwa kwa maka penni pande zote, mwenzako akurushie huo mpira ukiwa unazunguka, na useme herufi kabla haijafika mkononi. Ikikuwa rahisi simama mguu mmoja, ama arushe akiwa nyuma yako na kusema "geuka".

11. Zile miwani zinawaka na kuzima, zenye Stephen Curry wa basketi huvaa?

Zinaziba macho na kufungua kwa haraka, unaona mpira kwa vipande vipande na ubongo unalazimika kujaza. Kuna tafiti zimeonyesha faida, nyingi zikiwa na watu wachache. Ni bei, na Curry alikuwa anafunga kabla azivae. Ukipata za kuazima, vaa kwa zoezi unalijua tayari, sio kitu kipya. Mwenye kifafa ama kipandauso asiziguse bila kuongea na daktari.

12. App za simu? PlayStation?

Geme za kupigana na za mwendo kasi huwa zinanoa umakini kidogo, hio imefanyiwa utafiti. Kuhamia kiwanjani ndio tatizo, angalia namba 2. Skrini pia iko karibu na ni bapa, na mchezo uko mbali na una kina. Cheza kwa raha zako, usiseme ni mazoezi.

13. Mara ngapi kwa wiki?

Dakika kumi hivi, mara tatu ama nne, kabla ya mazoezi ya mwili ukiwa macho hayajachoka. Yale ya namba 6 hadi 8 yaingize ndani ya mazoezi ya timu.

## Mambo ya huku kwetu

14. Kiwanja chetu ni vumbi tupu na tunacheza hadi giza. Inaharibu macho?

Giza haliharibu jicho, linaharibu mchezo. Huku karibu na ikweta jua likizama limezama, saa kumi na mbili na nusu mnaonana, saa moja ni kivuli kinakimbiza kivuli. Dakika hizo za mwisho mpira mweupe uliochafuka unafanana na udongo, na ndio wakati vidole vinavunjika golini. Kama hamna taa, mpira wa rangi ya kuwaka ama mwoshe ule mlio nao, na zoezi la mashuti lifanywe mwanzo sio mwisho.

Vumbi na jua ni kesi ingine. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na jua la mwinuko lina miale mikali zaidi. Kofia yenye ukingo kwa mazoezi inasaidia sana na watu huiona ushamba. Watoto wengi wana macho ya kuwasha ya mzio, wanasugua hadi yanakuwa mekundu, na kusugua ndio kunaharibu. Maji safi, kitambaa baridi, na dawa ya matone iandikwe na daktari, usichukue tu ile ya jirani, juu zingine zina steroidi na zikitumiwa ovyo zinaweza kukuletea shida kubwa ya macho.

15. Refa ataniruhusu na miwani?

Miwani ya kioo ya kawaida usijaribu, kwa usalama wako na wa wengine. Ile ya michezo, ya plastiki ngumu na mkanda nyuma ya kichwa, sheria za soka zinawaambia marefa wasiwe wakali nayo. Edgar Davids, kiungo wa Uholanzi, alicheza ligi kubwa za Ulaya nayo miaka mingi baada ya kufanyiwa upasuaji wa glakoma 1999, na hakuna mtu alimcheka akiingia takolo. Lenzi za kubandika kwa jicho (contact lens) pia ni sawa, ila kwa kiwanja cha vumbi (namba 14) zitakutesa, beba za ziada, na usiwahi kuzioshea mate ama maji ya mfereji.

## Kesi za kipekee

16. Mtoto wangu ana miaka saba, aanze mazoezi ya macho?

Apimwe, acheze. Hio ndio programu. Kupimwa ni muhimu sana umri huo juu jicho zembe (lile ubongo umezoea kulipuuza) linarekebishika vizuri zaidi akiwa mdogo. Akicheza michezo tofauti ya mipira tofauti, ikiwemo kati (ile ya kukwepa mpira) na bano (gololi) za mtaani, macho yanafunzwa bila mtu kujua.

17. Naona na jicho moja. Nimekwisha?

Gordon Banks, kipa wa Uingereza aliyeshinda Kombe la Dunia 1966, alipoteza jicho kwa ajali ya gari 1972, na 1977 akarudi golini kule Marekani akachaguliwa kipa bora wa ligi. Mansoor Ali Khan Pataudi aliumia jicho kwa ajali 1961 na bado akawa nahodha wa kriketi wa India. Kupima umbali itakuwa kazi, utajifunza kutumia saizi ya kitu, kivuli chake, na kusogeza kichwa kidogo. Lakini hilo jicho lililobaki lazima livae kinga, kila mazoezi, na ngumi achana nazo kabisa.

18. Na asiyeona kabisa?

Huyo anafunzwa vingine: sikio, kamba, na mwongozaji. Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza macho 1995 baada ya kiharusi, na kwa Paralimpiki ya Sydney 2000 akachukua dhahabu ya mita 5,000 huku mwongozaji wake akiwa amechoka hadi Wanyoike ndio anamvuta. Kwa kundi lake, T11, la wasioona, wote wanafunikwa macho ili wawe sawa.

19. Niligongwa kichwa kwa raga, sasa nikisoma maneno yanagawanyika. Nifanye ule uzi?

Usifanye kitu. Mtikiso wa ubongo mara nyingi unavuruga venye macho yanakutana kwa kitu cha karibu, na kuyasukuma mapema kunaweza kukuongezea kichwa kuuma na kizunguzungu. Ona daktari, pumzika, hakuna kurudi kiwanjani hadi uruhusiwe, na mazoezi ya macho yakihitajika atakupa yeye. Ukiona mwanga unametameta kama radi, ama nukta nyeusi nyingi kwa ghafla, ama pazia linashuka upande mmoja, hio ni dharura ya leo, sio ya Jumatatu, juu yaweza kuwa retina inabanduka.

20. Sitofautishi bibu nyekundu na ya kijani, na naona aibu kusema.

Mara nyingi unazaliwa nayo, wanaume wako nayo kuliko wanawake, na hakuna zoezi linaibadilisha. Mwambie kocha atumie rangi moja nyeupe na ingine nyeusi ama buluu iliyokolea. Akikataa, omba angalau timu yako ndio ivae bibu na ile ingine ibaki na fulana zao.